Chama Kisicho na Makao Makuu Madrid: Misingi Iliyowaunganisha Wazalendo wa Galicia

Mwishoni mwa Septemba 1982, katika ukumbi wa michezo wa Riazor mjini A Coruña, walikutana watu ambao kwa miaka mingi hawakuwa wakipikika chungu kimoja. Walikuwemo wakomunisti waliojificha mafichoni enzi za udikteta wa Jenerali Franco, aliyeitawala Hispania hadi 1975, wasoshalisti waliosoma uchumi Ulaya, walimu wa vijijini, wanachama wa vyama vya wakulima, na watu wasiokuwa na chama chochote isipokuwa lugha yao. Walipotoka humo walikuwa wameunda Bloque Nacionalista Galego, yaani Kambi ya Wazalendo wa Galicia, ambayo kwa kifupi huitwa BNG. Kambi hiyo ingali hai hadi leo, na ndiyo chama cha pili kwa ukubwa katika Bunge la Galicia.

Wengi wanaosikia habari zake huishia kuuliza kama ni watu wanaotaka kujitenga na Hispania. Swali hilo si baya, lakini linaingilia mlango wa nyuma. Ili kuielewa kambi hii inafaa kwanza kufahamu ni mambo gani machache waanzilishi wake walikubaliana kuwa hayana mjadala, na kwa nini yalikuwa hayo na si mengine, kwa maana kila msingi uliowekwa siku zile ulikuwa jibu la jeraha fulani la zamani.

Galicia inayozungumzwa hapa ni ile ya pembe ya kaskazini-magharibi ya Hispania, juu ya Ureno, na haihusiani na eneo lenye jina kama hilo lililogawanyika kati ya Poland na Ukraine. Ina mikoa minne, yaani A Coruña, Lugo, Ourense na Pontevedra, ina watu wapatao milioni 2.7, na makao yake makuu ni Santiago de Compostela. Lugha yake, Kigalisia, ilizaliwa tumbo moja na Kireno katika Enzi za Kati, kiasi kwamba Mtanzania wa Mtwara aliyejifunza Kireno ng'ambo ya Mto Ruvuma angeweza kusoma gazeti la Kigalisia bila kuhangaika sana.

Kabla ya kuendelea, neno moja litatutatiza tusipolishughulikia mapema. Sisi tukisema «taifa», mara nyingi tunamaanisha nchi yenye bendera, jeshi na kiti katika Umoja wa Mataifa, na tukitaka kutaja watu wenye lugha na mila zao ndani ya nchi hiyo tunasema «kabila». Mgawanyo huo hauwafai Wagalisia. Wanaposema kwamba Galicia ni taifa, hawadai kwamba tayari ni dola, wala hawazungumzii ukoo au damu. Wanadai kwamba watu wenye ardhi yao, lugha yao, historia yao na maisha yao ya kiuchumi ni jumuiya kamili ya kisiasa hata kama dola hawana. Taifa ni jambo moja na dola ni jambo jingine, na hoja yao yote imejengwa katika pengo lililo kati ya maneno hayo mawili.

Madai hayo hayakuanza mwaka 1982. Katika karne ya 19 yalikuwepo kwa sura ya upole zaidi, ya watu waliotetea jimbo lao na utamaduni wake. Mwaka 1863 Rosalía de Castro alichapisha mashairi kwa Kigalisia, lugha ambayo kwa karne kadhaa ilikuwa imeachwa iwe ya shambani na jikoni tu. Mumewe, mwanahistoria Manuel Murguía, akawa rais wa kwanza wa Chuo cha Lugha ya Kigalisia mwaka 1906. Hatua ya kuvuka kutoka utetezi wa jimbo hadi utaifa ilichukuliwa na Irmandades da Fala, yaani Udugu wa Lugha, vikundi vilivyoanzishwa A Coruña mwaka 1916 kwa msukumo wa Antón Villar Ponte. Mnamo Novemba 1918 wajumbe wao walikusanyika Lugo na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo wangejiita wazalendo wa Galicia, si watetezi wa jimbo. Tamko lao lilidai mamlaka kamili ya ndani, Kigalisia kiwe lugha rasmi sambamba na Kihispania, shirikisho la mataifa ya rasi ya Iberia pamoja na Ureno, na hata haki sawa kwa mwanamke aliyeolewa, dai ambalo kwa wakati wake lilikuwa zito.

Mwaka 1931, jamhuri ilipotangazwa Hispania, mkondo huo ulizaa Partido Galeguista, chama kilichoongozwa na watu kama Castelao, mchoraji na mwandishi aliyesomea udaktari, na Alexandre Bóveda, mratibu wake mkuu. Kazi yao kubwa ilikuwa kupigania sheria ya mamlaka ya ndani. Ili waipate, mwaka 1936 waliingia katika muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto vya Hispania, na hapo chama kikapasuka, kwani wahafidhina wake hawakukubali ndoa hiyo. Kura ya maoni ilipigwa tarehe 28 Juni 1936 na sheria ikapita. Wiki tatu baadaye majenerali, Franco akiwa mmoja wao, waliasi. Bóveda alipigwa risasi na wauaji wa utawala mpya tarehe 17 Agosti mwaka huohuo, na Castelao alifia uhamishoni Buenos Aires mwaka 1950.

Mambo mawili yalibaki kutoka mkasa huo. La kwanza ni la kisheria. Katiba ya Hispania ya mwaka 1978 ilitoa njia ya mkato ya kupata mamlaka ya ndani kwa maeneo ambayo zamani yaliwahi kuipigia kura sheria ya namna hiyo, na kwa hiyo kura ile ya 1936, ambayo haikuwahi kutekelezwa hata siku moja, ndiyo iliyoiweka Galicia katika kundi moja na Katalonia na nchi ya Wabasque. La pili ni swali lililowakaa rohoni walionusurika: je, Mgalisia akiingia katika muungano wa Wahispania, hata wenye nia njema, atoke na nini mkononi?

Jibu kali zaidi la swali hilo lilitolewa na kizazi kipya. Mwaka 1964, chini kwa chini, ilijitokeza Unión do Povo Galego, Umoja wa Watu wa Galicia, kwa kifupi UPG, chama cha Kimarx. Vijana hao walikuwa wakifuatilia vita vya Aljeria, mapinduzi ya Kuba na maandishi ya Frantz Fanon, mwandishi aliyepinga ukoloni, na walitazama nchi yao kwa miwani hiyo. Walichokiona kilikuwa hiki: mito ya Galicia inajengewa mabwawa ya umeme, vijiji vinazama chini ya maji, na umeme unasafirishwa kwenda viwanda vya mbali; vijana wanapanda meli kwenda Argentina na Venezuela, au treni kwenda Ujerumani na Uswisi, na akiba wanayotuma nyumbani inawekwa katika benki zinazokopesha kwingine; mtoto anaadhibiwa shuleni kwa kuzungumza lugha ya mama yake. Wakauita mfumo huo ukoloni wa ndani. Mwaka 1972 mchumi Xosé Manuel Beiras, ambaye hakuwa wa UPG bali wa Chama cha Kisoshalisti cha Galicia, PSG, alichapisha kitabu kuhusu kuchelewa kwa uchumi wa Galicia, akieleza kwa takwimu jambo ambalo wengine walikuwa wakilitaja kwa kaulimbiu.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kukunja uso. Galicia haikuvamiwa na kampuni ya kigeni yenye hati ya mfalme. Wagalisia walikuwa raia kamili wa Hispania, na wengine walikwenda kuitumikia katika makoloni yake. Franco mwenyewe alizaliwa Ferrol, mji wa Galicia. Ulinganisho wao na Aljeria una mipaka, na baadhi ya wazalendo wenzao waliusema wazi wakati uleule. Hata hivyo neno ukoloni lilifanya kazi moja ambayo neno «umaskini» lisingeweza kuifanya. Ukisema mahali ni maskini, unatafuta msaada. Ukisema mahali panakamuliwa, unatafuta nani anayekamua. Wakulima waliowekewa mchango wa hifadhi ya jamii wasioweza kuumudu, au wale wa As Encrobas waliosimama mbele ya askari mwezi Februari 1977 ili mashamba yao yasigeuzwe mgodi wa makaa, hawakuhitaji kusoma Fanon ili waelewe.

Franco alipofariki Novemba 1975, vyama hivi vilijaribu kuungana mapema. Mwaka 1976 vilikaa katika baraza moja na kuandika rasimu ya misingi ya kikatiba ya taifa la Galicia: mamlaka yatoke kwa Wagalisia wenyewe, na uhusiano na mataifa mengine ya Hispania uwe wa makubaliano kati ya walio sawa, si wa zawadi kutoka juu. Baraza lilisambaratika. Katika uchaguzi mkuu wa 1977 waligombea wakiwa wamegawanyika na hawakupata kiti hata kimoja katika bunge la Madrid. Sheria ya mamlaka ya ndani ilipopigiwa kura Desemba 1980, wengi wao waliipinga kwa kuiona nyembamba mno. Ilipita, ingawa waliojitokeza kupiga kura walikuwa kiasi cha asilimia 28 tu. Mwaka uliofuata walipata viti 3 katika Bunge jipya la Galicia, na wabunge hao wakakataa kuapa utii kwa Katiba ya Hispania, msimamo uliowafanya wavuliwe haki za ubunge mwaka 1982.

Hiyo ndiyo hali waliyoingia nayo Riazor: wana chama cha wanaharakati wenye nidhamu, wana wasomi, wana vyama vya wakulima na wafanyakazi, na wana orodha ndefu ya kushindwa. Walichokifanya ni kuacha kutafuta itikadi moja na kutafuta kiwango cha chini ambacho hakuna angeshuka chini yake.

Kiwango hicho kilikuwa na mambo yanayoshikana. Galicia ni taifa. Kwa kuwa ni taifa, ina haki ya kujiamulia hatima yake, iwe kwa kubaki ndani ya Hispania ya shirikisho, iwe kwa njia nyingine. Utegemezi wake ni wa kiuchumi pia, kwa hiyo harakati hii inapinga ukoloni na ubeberu hapa na kwingineko. Lugha yake ni ya kuishi nayo, yaani itumike mahakamani, kazini na sokoni, na isibaki ya kuimbia sikukuu tu. Demokrasia ndani ya harakati ni ya mkutano mkuu. Na chombo cha kuyasimamia hayo lazima kiwe cha Wagalisia wenyewe, kisichopokea amri kutoka chama chochote chenye makao makuu Madrid.

Msingi huu wa mwisho, ambao wao huuita «autoorganización», yaani kujiunda wenyewe, hutajwa haraka haraka na waandishi wengi, lakini kwa maoni yangu ndio unaoibeba nyumba nzima. Haki ya kujiamulia inaweza kuandikwa katika ilani ya chama chochote. Vyama vikubwa vya kushoto vya Hispania viliiandika katika miaka ya 1970 na kuisahau mara walipokaribia serikali. Lugha inaweza kutetewa na mtu yeyote mwenye moyo. Lakini chama ambacho tawi lake la Galicia linaweza kupigiwa simu na makao makuu na kuambiwa lilegeze kamba, kitalegeza, kwa sababu kina kura za kutafuta Andalucía na Madrid pia. Hakuna haja ya usaliti ili hilo litokee. Hesabu peke yake inatosha. Walioanzisha BNG walikuwa wamejifunza hesabu hiyo tangu 1936, na waliona ni afadhali kubaki wadogo kuliko kukua ndani ya nyumba ya mwingine.

Sharti hilo lilifunga mlango kwa wengine. Esquerda Galega, chama cha Camilo Nogueira kilichochipuka kutoka UPG yenyewe na kuamini kwamba mamlaka ya ndani yaliyopatikana yafaa kutumiwa badala ya kususiwa, hakikuingia Riazor. Sehemu ya PSG nayo ilikwenda upande huo na kuungana nacho mwaka 1984. Kwa hiyo umoja wa 1982 haukuwa wa wazalendo wote. Watu hao waliingia BNG baadaye, katika miaka ya 1990, wakati kambi ilipokuwa imeshakubali kwa vitendo yale waliyokuwa wakiyasema wao.

Muundo wenyewe unastahili kutazamwa kwa utulivu, maana una ujanja na una kasoro. BNG haikuundwa kama muungano wa vyama, ambamo kila chama hupeleka wajumbe wake na kugawana nafasi. Iliundwa kama uwanja wa pamoja: mtu anajiunga yeye binafsi, ana kura moja, na akitaka anaweza vilevile kuwa mwanachama wa chama kidogo ndani ya kambi. Kiongozi wake huitwa msemaji wa kitaifa, si mwenyekiti wala rais, kwa dhana kwamba anasema yaliyoamuliwa na mkutano. Mwalimu asiyeujua Umarx na mfanyakazi wa gati anayeuamini kwa dhati wanaweza kukaa safu moja, kwa kuwa hawakuombwa kukubaliana kuhusu Marx.

Kasoro iko hapohapo. Katika uwanja ambamo kila mtu ana kura moja, watu mia waliopanga usiku uliotangulia wana nguvu kuliko mia tatu waliokuja kila mmoja na maoni yake. UPG ndiyo iliyokuwa na mpangilio huo, na ingali nao. Haikuhitaji kuvunja kanuni yoyote ili iwe uti wa mgongo wa kambi. Ilihitaji tu kuhudhuria vikao kwa bidii. Wapinzani wake wamelalamika kwa miongo mingi kwamba mkutano mkuu umekuwa muhuri wa maamuzi yaliyofikiwa kwingine, nao wenyewe wamejibu kwamba wasingekuwepo, kambi ingevunjika kama mabaraza yaliyoitangulia. Nadhani pande zote mbili zina haki, jambo linaloudhi.

Uchaguzi ulikuja kuipima misingi hiyo. Mwaka 1985 kambi ilipata kiti 1 tu, cha Beiras, aliyegeuka kuwa msemaji hodari kiasi kwamba siku moja bungeni alivua kiatu na kugonga nacho meza. Mwaka 1989 vilikuwa 5, mwaka 1993 vikawa 13, na mwaka 1997 vikafika 18 kati ya 75, na kukipita chama cha wasoshalisti wa Hispania. Kupanda huko kulitokana na msingi wa kupinga ukoloni kutafsiriwa katika lugha ya kila siku: bei ya maziwa na viwango vya uzalishaji ambavyo Jumuiya ya Ulaya iliwawekea wafugaji, meli za uvuvi zilizopunguzwa, viwanda vya meli vilivyofungwa. Hakuna aliyehitaji tena kuitaja Aljeria. Meli ya mafuta ya Prestige ilipozama Novemba 2002 na kuchafua pwani nzima, mamia ya maelfu waliandamana chini ya kaulimbiu ya «Nunca Máis», yaani isirudiwe tena, na wanaharakati wa kambi walikuwa mstari wa mbele.

Mwaka 2005 ukaja mtihani mwingine: kambi iliingia serikalini kama mshirika mdogo wa wasoshalisti, Anxo Quintana akiwa makamu wa rais wa Galicia. Je, huko si kuingia katika nyumba ya mwingine? Walijibu kwamba kujiunda wenyewe hakukatazi kushirikiana, kunakataza kuyeyuka. Serikali hiyo ilianguka mwaka 2009. Lawama zikafuata, na katika mkutano mkuu wa Amio, Januari 2012, Beiras na wengi waliomfuata wakaondoka kambini. Miezi michache baadaye Beiras aligombea pamoja na chama cha kushoto chenye mizizi kote Hispania, akapata viti 9 dhidi ya 7 vya wenzake wa zamani. Kwa muda ilionekana kwamba msingi ule mkuu umepitwa na wakati. Lakini muungano wake ulivunjika kwa mivutano, mingi ikihusu nani anaamua, Santiago au Madrid, na kufikia mwaka 2020 mkondo huo haukuwa na kiti hata kimoja.

BNG, iliyokuwa imeshuka hadi viti 6 mwaka 2016, ilipanda hadi 19 mwaka 2020 chini ya Ana Pontón, na hadi 25 katika uchaguzi wa 18 Februari 2024. Chama cha kihafidhina cha PP kilipata 40 na kuendelea kutawala. Katika kampeni hizo haki ya kujiamulia haikufutwa katika nyaraka za kambi, ila haikuwekwa dirishani pia. Kilichozungumzwa zaidi kilikuwa zahanati zisizo na madaktari, vijana wanaohama, na kiwanda cha nyuzi za mbao kilichopangwa kujengwa Palas de Rei.

Msingi ulio hatarini zaidi leo ni ule ambao hakuna aliyeupinga Riazor. Kigalisia ni lugha rasmi tangu 1981, na tangu 1983 kuna sheria ya kukirudishia nafasi yake, lakini amri ya serikali ya mwaka 2010 ilipunguza sehemu yake katika masomo ya shule, na mijini kama Vigo na A Coruña watoto wengi hufika darasa la kwanza wakizungumza Kihispania tu. Ndiyo maana kundi fulani la wazalendo linasisitiza undugu na Kireno, lugha ya Brazili, Angola na Msumbiji, na mwaka 2014 bunge lao lilipitisha kwa kauli moja sheria ya kukuza mafunzo ya Kireno mashuleni. Mzazi wa Vigo anayemzungumzisha mwanawe Kihispania kwa kuamini kwamba Kigalisia hakitamfikisha mbali sasa anaelezwa kwamba lugha ya bibi yake inaweza kumfikisha Maputo.